Midoli Inayotembea: Tutengeneze Filamu ya Kufundisha Watoto

SOMO LA KIKUNDI



Katika somo hili tutajifunza kazi ambayo wengi hudhani ni ya watu wa mjini wenye mitambo mikubwa, yaani kutengeneza filamu. Sisi tutatumia midoli ya magunzi na matambara, meza moja, taa mbili na simu moja ya kisasa yenye kamera. Filamu yetu itakuwa ya dakika moja tu, na itatazamwa na watoto wa chekechea na wa madarasa ya chini.

Kila filamu ya kufundisha lazima iwe na jambo lake. Kwa mfano wetu tumechagua jambo linaloumiza watoto vijijini mwetu: mafuta ya taa yaliyowekwa kwenye chupa ya soda. Mnajua inavyokuwa. Mafuta kidogo yananunuliwa dukani, chupa iliyo karibu ni ya soda, na jioni yanayobaki yanasukumwa chini ya meza. Kesho yake mtoto wa miaka miwili anasikia kiu. Hajui kusoma, wala hajui kunusa kwanza. Anachojua ni kwamba chupa kama ile siku ya sikukuu ilikuwa na kitu kitamu. Hali ni hiyo hiyo kwa dawa ya kupe na dawa ya kung'arisha nguo zikiwekwa kwenye chupa za vinywaji.

Madhumuni ya somo

Mwisho wa somo hili kikundi kiweze:

1. Kueleza jinsi picha zisizosonga zinavyogeuka kuwa mwendo.
2. Kugawanya jambo moja la usalama wa watoto katika hatua ndogo ndogo.
3. Kupiga filamu ya dakika moja kwa kutumia midoli.
4. Kuijaribu filamu hiyo kwa watoto na kuirekebisha.

Mikutano minne yatosha: wa kwanza wa hadithi, wa pili wa kutengeneza midoli na jukwaa, wa tatu wa kupiga picha, na wa nne wa sauti na majaribio. Wa tatu utachukua siku nzima, kwa hivyo pangeni chakula.

Picha hutembeaje?

Tuanze na zoezi. Chukueni daftari kuukuu. Kwenye pembe ya ukurasa wa mwisho chora mpira ukiwa juu. Ukurasa unaoutangulia, chora mpira huo huo ukiwa umeshuka kidogo. Endelea hivyo kurasa 20 mpaka mpira ufike chini, udunde, upande tena. Sasa shika daftari na kuziachia kurasa kwa kidole gumba, upesi upesi, kuanzia nyuma. Kumbe mpira unadunda!

Hakuna mpira uliosonga pale. Kuna picha 20 zilizotulia, kila moja ikitofautiana kidogo na mwenzake. Zikipita haraka, macho na akili zetu huziunganisha kuwa mwendo mmoja. Filamu ya midoli ni jambo lilo hilo. Tunausogeza mdoli kidogo, tunatoa mkono, tunapiga picha. Tunausogeza tena, tunatoa mkono, tunapiga tena.

Sinema ya kawaida huonyesha picha 24 kwa sekunde moja. Watengenezaji wengi wa filamu za midoli hupiga picha 12 kwa sekunde, kila moja ikionyeshwa mara mbili. Sisi tunaoanza tutumie 10. Mwendo utakuwa na mishtuko kidogo, lakini watoto hawajali, na hesabu inakuwa rahisi: dakika moja ni picha 600. Ikiwa kila picha itachukua nusu dakika, hiyo ni kazi ya saa tano. Haba na haba hujaza kibaba.

Wako Waafrika waliotutangulia katika kazi hii. Moustapha Alassane wa Niger alianza na michoro katika miaka ya 1960, kisha akatengeneza filamu za midoli. Mwaka 2001 alitoa filamu iitwayo Kokoa, ambamo wanyama wadogo wadogo kama vyura na kinyonga wanashindana mieleka mbele ya watazamaji. Huko Kongo, Jean-Michel Kibushi alianzisha mwaka 1988 studio ya kuhamahama iitwayo Malembe Maa. Mwaka 1991 alisimulia hadithi ya chura aliyewatembelea wakwe zake, ngano ya watu wake wa Kitetela. Watu hawa walianza na ngano na vitu vya kwao. Nasi tutafanya vivyo hivyo.

Kwa nini midoli?

Kwanza, mdoli hauna jirani. Tukipiga filamu ya nyumba ya fulani ikiwa na chupa ya mafuta chini ya meza, kijiji kizima kitajua ni kwa nani, na yule mama hatakuja tena kikundini. Mdoli ukikosea, watu hucheka, na wakisha kucheka husema, "Hata kwangu iko hivyo."

Pili, tunalinda sura za watoto wetu. Filamu ikishaingia kwenye simu moja, kesho iko kwenye simu mia. Tena Sheria ya Ulinzi wa Data ya Kenya ya mwaka 2019 inataka ridhaa ya mzazi au mlezi kabla ya kutumia habari za mtoto, na picha yake ni mojawapo. Mdoli hauna shida hiyo.

Tatu, mdoli haufanyi kitu mpaka sisi tuusogeze. Hii ndiyo sababu kubwa, na tutaieleza katika hatua ya pili.

HATUA YA KWANZA: Jambo moja tu

Filamu ya dakika moja haiwezi kubeba mafuta ya taa, kunawa mikono na kuvuka barabara kwa pamoja. Andikeni kwenye karatasi sentensi moja: "Baada ya kutazama, mtoto atafanya nini?" Kwa mfano wetu jibu ni: "Mtoto atamwuliza mtu mzima kabla ya kunywa chochote kilicho kwenye chupa."

Sasa ulizeni: ni mtoto wa umri gani awezaye hilo? Mtoto wa miaka mitano au sita aweza. Wa miaka miwili hawezi, na huyo ndiye aliye katika hatari zaidi. Huyo hatalindwa na filamu yoyote. Atalindwa na kabati lenye kufuli. Kwa hivyo filamu yetu itasema na watu wawili: mtoto mkubwa atajifunza kuuliza, na mzazi aliyeketi nyuma yake atajifunza kuweka. Tusimwachie mtoto kazi ya mtu mzima.

HATUA YA PILI: Hadithi katika vipande sita

Chukueni karatasi kubwa, mgawanye vyumba sita, kila chumba mchoro mmoja. Michoro ya vijiti yatosha. Wahusika wetu ni wawili: Zawadi, msichana wa miaka mitano, na nyanya yake.

1. Zawadi anatoka kucheza, anajipangusa jasho. Ana kiu. (Sekunde 8, picha 80)
2. Anaona chupa ya soda chini ya meza. Anasimama. Anatikisa kichwa, anageuka, anamfuata Nyanya. (Sekunde 12, picha 120)
3. Nyanya anampa maji safi kwa kikombe. (Sekunde 12, picha 120)
4. Zawadi anaonyesha chupa kwa kidole. Nyanya anashtuka. (Sekunde 8, picha 80)
5. Nyanya anahamisha mafuta kwenye mtungi wenye kifuniko cha kukaza na alama nyekundu, anauweka kwenye kabati lililo juu, anafunga. (Sekunde 14, picha 140)
6. Wameketi pamoja. Chupa tupu iko kwenye pipa la taka. (Sekunde 6, picha 60)

Jumla ni sekunde 60, picha 600.

Angalieni kwamba Zawadi hanywi yale mafuta hata mara moja. Wengine watapendekeza anywe, aanguke, ili watoto waogope. Tusikubali. Mtoto mdogo huiga anachokiona, na maneno ya maonyo huyasahau. Ukimwonyesha mdoli ukinywa kutoka kwenye chupa, umemfundisha kunywa kutoka kwenye chupa. Daima tuonyeshe lile tendo tunalotaka litendeke.

Sasa turudi kwenye ile sababu ya tatu. Katika hotuba ni rahisi kusema, "Wekeni mafuta mahali salama," na watu wote wakapiga makofi wakaenda nyumbani. Katika filamu ya midoli haiwezekani. Kile kipande cha tano kina picha 140, na kwa kila moja mkono wa Nyanya lazima uwe mahali fulani. Mtungi ni upi? Uko wapi? Kabati liko juu kiasi gani? Mtoto akipanda kiti atalifikia? Lina kufuli? Hapo ndipo wanakikundi huanza kutazamana, kwa sababu nyumba nyingi hazina kabati hilo. Msiharakishe kupita hapa. Hili ndilo somo lenyewe. Katibu aandike: nyumba ngapi zina mahali pa kufunga, na ngapi hazina. Kama kikundi kina fundi wa mbao, aulizwe kisanduku kidogo chenye komeo kitagharimu kiasi gani, na kama mchango wa kila mwezi waweza kuvitengeneza zamu kwa zamu.

HATUA YA TATU: Midoli na jukwaa

Msinunue midoli. Gunzi la mahindi ni kiwiliwili kizuri. Mikono na miguu iwe ya waya laini unaopindika na kubaki ulivyopindwa, kisha uvishwe tambara. Urefu wa sentimita 15 unatosha. Miguuni wekeni kitu kizito, kama nati kuukuu au bonge la udongo, ili mdoli usimame wenyewe. Mdoli unaoanguka kila mara utawamaliza nguvu kabla ya picha ya hamsini. Udongo wa mfinyanzi ukikauka hupasuka, kwa hivyo ufunikeni kwa kitambaa kibichi wakati wa mapumziko.

Midomo ichoreni kwenye vikaratasi vidogo: mmoja umefunga, mmoja umefungua, mmoja unatabasamu. Mnaibadilisha kwa gundi kidogo. Ncha za waya zikunjwe ndani, na vipande vidogo vihesabiwe baada ya kazi, maana watoto wachanga huvimeza.

Jukwaa ni katoni kubwa iliyokatwa upande wa mbele. Chupa ya soda ya Zawadi ichongwe kwa mti au ifinyangwe kwa udongo, na mafuta yawe ukanda wa nailoni au karatasi. Msilete mafuta ya taa kwenye chumba cha kazi, hata tone. Wala msitie maji ya rangi kwenye chupa halisi ya soda. Tutakuwa tunafanya kile kile tunachokataza.

HATUA YA NNE: Mwanga na simu

Adui wa kwanza ni dirisha. Jua hupita mawinguni, na kila picha hutoka na mwanga tofauti. Filamu ikichezwa inamemeta kama taa inayoishiwa na mafuta. Fungeni madirisha, tumieni taa mbili za umeme au za sola, moja kila upande. Wanaofanya kazi karibu na meza wasivae nguo nyeupe, kwa sababu nyeupe hurudisha mwanga kwenye jukwaa.

Adui wa pili ni simu kutikisika. Ifungeni kwenye kibao kilichopigwa misumari, au ibaneni kati ya matofali mawili, kisha msiiguse tena mpaka kipande kiishe. Simu nyingi hukubali kupigwa picha kwa kitufe cha sauti kilicho kwenye waya wa kusikilizia masikioni. Mkiwa na waya huo, hamtagusa simu yenyewe. Washeni alama ya ndege ili simu isiite katikati ya kazi, na hakikisheni chaji imejaa. Gusa kioo cha simu na ushikilie kidole kwa muda. Kwenye simu nyingi hii hufunga mwanga na umbali visibadilike vyenyewe.

Iko programu ya simu iitwayo Stop Motion Studio, ambayo ina toleo la bure. Inaonyesha kivuli cha picha iliyotangulia, nawe unaona umesogeza kiasi gani. Kisha inaunganisha picha zote na kuzicheza kwa kasi mnayotaka. Wekeni 10 kwa sekunde.

HATUA YA TANO: Kupiga picha

Gawaneni kazi. Mmoja ni msogezaji, na ndiye pekee anayegusa midoli. Mmoja ni mpiga picha. Mmoja ni mhesabu, anaandika daftarini kila picha kumi. Mmoja ni mlinzi, anaangalia mikono imetoka, kivuli hakijaingia na kuku hajaruka mezani. Baada ya kila kipande badilishaneni, kwa sababu mgongo na macho huchoka.

Sheria ni maneno matatu, na yasemwe kwa sauti: Sogeza! Toa! Piga!

Hesabu ya mwendo ni hii. Zawadi anavuka meza ya sentimita 40 kwa sekunde nne. Sekunde nne ni picha 40. Kwa hivyo kila picha asogee sentimita moja. Mkitaka aende pole pole, punguzeni hadi nusu sentimita. Mkitaka akimbie, ongezeni. Tena mtazameni mtu anayetembea: haanzi ghafla wala hasimami ghafla. Basi picha tatu za kwanza na tatu za mwisho ziwe za hatua fupi zaidi.

Si kila wakati ni wa kusonga. Zawadi akiiona chupa, asimame kwa sekunde mbili nzima. Pigeni picha 20 bila kumsogeza. Kutulia huko ndiko kunakomwonyesha mtoto kwamba Zawadi anafikiri.

Mkikosea, mdoli ukaanguka, msirudie kipande chote. Angalieni kivuli cha picha iliyopita, usimamisheni palepale, mwendelee.

HATUA YA SITA: Sauti

Sauti irekodiwe baada ya picha, katika chumba kilichotandikwa mablanketi ili kisivume. Tumieni lugha ambayo watoto wa hapo wanaizungumza nyumbani. Maneno yawe machache. Zawadi aseme, "Nyanya, hii ni nini?" Basi. Msimbebeshe hotuba.

Msichukue wimbo wa redio. Una mwenyewe, na Sheria ya Hakimiliki ya mwaka 2001 inamlinda. Kina mama wa kikundi wanajua kuimba, watunge wao.

HATUA YA SABA: Kujaribu na kuonyesha

Kabla ya kuwaonyesha wengi, waiteni watoto watano au sita. Waonyesheni mara mbili. Msiwaulize kama wameipenda, kwa sababu watasema ndiyo ili wawafurahishe. Wapeni midoli na kuwaambia, "Tuonyesheni Zawadi alifanya nini." Wakimpeleka Zawadi kwa Nyanya, filamu imefaulu. Wakimnywesha ile chupa, kipande cha pili hakijaeleweka na kipigwe upya.

Kuionyesha hadharani kuna taratibu zake. Kwanza ulizeni Bodi ya Kuainisha Filamu Kenya (KFCB) ni kibali gani kinachohitajika, kisha mwombe ruhusa ya mwalimu mkuu au ya wenye ukumbi. Wakati wa kuonyesha, alikeni mhudumu wa afya ya jamii akae na wazazi. Lazima watauliza, "Na akishakunywa je?" Jibu liwe tayari:

– Msimtapishe. Mafuta yakirudi juu huingia mapafuni, na hapo ndipo penye hatari kubwa.
– Msimpe maziwa wala mafuta ya kula.
– Mvueni nguo zilizomwagikiwa, osheni ngozi kwa sabuni na maji.
– Mpelekeni hospitali mara moja, hata kama anaonekana mzima. Kikohozi na kuhema kwa shida huweza kuanza saa kadhaa baadaye. Bebeni ile chupa ili daktari aone alichokunywa.

Maswali ya kujadiliana

1. Nyumbani kwetu ni vitu gani vyenye sumu vilivyo kwenye vyombo vya kunywea au kulia?
2. Mtoto akinywa mafuta, tumezoea kumlaumu nani? Je, ni haki?
3. Katika kipande cha tano, Nyanya aliweka mtungi wapi? Sisi tungeweka wapi?
4. Kikundi chetu kinaweza kufanya nini ndani ya miezi mitatu ili kila nyumba yenye mtoto iwe na mahali pa kufunga?
5. Ni jambo gani jingine la watoto wetu linalofaa filamu ya dakika moja? Andikeni sentensi yake.

Kazi ya nyumbani

Kabla ya mkutano wa kwanza, kila mwanakikundi apige magoti sakafuni kwake, macho yawe sawa na ya mtoto wa miaka miwili. Atazame chini ya meza, chini ya kitanda na nyuma ya mlango. Kila chupa atakayoiona kutoka hapo aiandike, pamoja na kilichomo. Yenye sumu aiondoe siku hiyo hiyo, asingoje filamu. Orodha hizo zije kwenye mkutano. Kutoka kwazo tutachora kipande cha kwanza.